Sentensi ya Saba

Same, 7 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Agatha,

Kabla hujaendelea kusoma, inuka umpe mama shikamoo yangu. Umempa? Haya, keti sasa nikusimulie, maana nikiendelea kuyaweka moyoni nitapasuka.

Agatha, ndoa ni tamu! Mwezi haujaisha vizuri tangu harusi, na bado kila nikimsikia Rodgers anafungua geti natamani kujificha nyuma ya mlango ili anitafute. Kitanda chetu amekichomelea mwenyewe pale karakana kwake, na upande wa kichwani ameweka maua ya chuma, moja kubwa, moja dogo. Nikamuuliza, "Hili dogo ni nani?" Akasema, "Ni mimi. Tangu nikuoe nimekuwa mdogo." Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Asubuhi ananichemshia maji ya kuoga. Na Same ilivyo na joto, maji ya moto ya nini? Lakini nakaa kimya, naoga huku jasho linanitoka. Hayo ndiyo mapenzi, mdogo wangu.

Kurwa kondakta ameniambia simu ya mama imeingia maji. Poleni. Amekubali kutubebea barua kwenye basi la asubuhi, na mimi nimefurahi, kwa sababu Kiingereza hakifundishwi kwa simu. Novemba haiko mbali. Unarudia mtihani, na bila kufaulu Kiingereza chuo cha uuguzi hakitakuchukua. Mimi nimeishia kidato cha nne tu, lakini ulipokwama mwaka jana napajua: ni vile vitenzi vyenye "to".

Kitenzi hicho, Agatha, hakipendi kukaa peke yake. Ni kama mimi sasa! Hutafuta wa kuegemea: kivumishi, nomino au kielezi. Tuanze na kivumishi. "Rodgers is easy to love": Rodgers ni rahisi kupendwa. "I am ready to cook": niko tayari kupika. Halafu kuna vielezi viwili vyenye makusudi yao. "I am too happy to sleep": nimefurahi mno hata usingizi hauji. Usiweke "not" hapo kama ulivyofanya mwaka jana, "too" imeshaimeza. Kinyume chake ni "enough", nayo hukaa nyuma ya kivumishi: "He is strong enough to carry me." Ndiyo, na alinibeba kweli, kuvuka kizingiti, majirani wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Niandikie sentensi saba kila mara, nitazisahihisha nikurudishie. Ila zingatia: sentensi za mazoezi si habari za kweli. Usihangaike kutafuta ukweli, tafuta usahihi. Weka mama, weka mwalimu, weka ng'ombe, yeyote tu. Kwenye kitabu chetu bibi alikuwa mzee mno hata hawezi kucheza ngoma, wakati bibi yetu sisi alicheza hadi mwaka aliofariki.

Akupendaye, mke wa mtu (ona nilivyoandika!),
Asteria

*

Myamba, 21 Julai 2024

Dada Asteria, shikamoo.

Barua nimeipata. Huku tupo. Ukungu haujainuka wiki nzima, na tangawizi ya shamba la juu bado iko ardhini. Mjomba Asheri anatusaidia siku moja moja.

Mama amesema marahaba. Anasema utulie kwako, umtunze mumeo, na usipande huku kabla ya Krismasi kama mlivyopanga. Amelirudia hilo mara nyingi, kwa hiyo naliandika. Ameniambia pia barua zangu ziwe za salamu tu, mambo ya huku nisikusumbue nayo. Nimemwuliza, "Na mazoezi ya Kiingereza je?" Akasema, "Mazoezi andika."

Basi nimeandika mazoezi. Karatasi ni hiyo. Isome vizuri, dada.

Nisalimie shemeji.

Agatha

*

Same, 4 Agosti 2024

Agatha wangu wa milimani,

Marahaba, marahaba! Shemeji yako anakusalimu, na leo amevaa lile shati la bluu, nimemwona akivuka barabara kutoka karakana nikasahau chumvi kwenye mboga.

Kwanza nikuchekeshe. Upepo wa huku unaujua. Jumanne ulinyakua ile kanga niliyopewa na mama siku ya harusi, kutoka kwenye kamba, ukaipitisha juu ya ukuta, juu ya paa la mama Zaituni, ikaenda kutua barabara kuu. Rodgers alikuwa ananawa, povu usoni. Akatoka mbio vile vile, kifua wazi, macho amefumba nusu, anapiga kelele, "Simamisheni magari, ni kanga ya mama mkwe!" Agatha, lori lilisimama! Dereva akashuka akaiokota, akamwambia, "Chukua, mzee, lakini funga ndoa na upepo huo usiendelee kukutesa." Nilicheka nikakaa chini. Hata sasa nikikumbuka nacheka peke yangu, mama Zaituni anachungulia kama nina akili timamu.

Haya, kazi. Nimesahihisha kwa peni nyekundu. Ya kwanza umeandika, "Mother is too weak to not go to the farm." Agatha! "Not" tena! Ulitaka kusema mama amedhoofika mno hata hawezi kwenda shambani. Basi ifute. Ya pili: "Her legs are not strong enough to carry her", miguu yake haina nguvu za kumbeba. Nzuri sana, "enough" umeiketisha mahali pake. Ya tatu: "She is ashamed to be carried to church", anaona aibu kubebwa kupelekwa kanisani. Hii imenifurahisha kupita zote. "To be" sikukufundisha, umeitoa wapi? Nimekuwekea vema kubwa.

Leo twende kwenye nomino. Sisi tunasema "muda wa kupumzika", tunaweka "wa" katikati. Wao hawaweki kitu, wanazisukuma zikakaa pamoja: "time to rest", "a song to sing", "a house to sweep". Mimi nina "a husband to feed", na anakula huyo! Makande anamaliza sufuria, halafu anaomba ukoko.

Andika upesi. Nisalimie mama, mwambie kanga yake imepona.

Wako mwenye furaha,
Asteria

*

Myamba, 30 Agosti 2024

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa bondeni, mimi na mama na mjomba. Tumesharudi.

Nilimsomea mama barua yako. Pale upepo ulipochukua kanga aliniambia nirudie. Nikarudia. Jioni akaniambia nirudie tena. Sasa sehemu hiyo naijua kwa moyo, na yeye anaijua, anamalizia, "Ni kanga ya mama mkwe!" kabla sijafika. Alicheka, dada. Nilitaka ujue kwamba alicheka.

Kurwa anasema shemeji analeta mlango wa chuma wa stoo ya duka la hapa Myamba mwezi ujao. Mwambie asiushushie dukani akageuza. Aje mpaka nyumbani. Aingie ndani. Tafadhali mwambie hivyo hivyo, aingie ndani.

Mazoezi nimeweka.

Agatha

*

Same, 22 Septemba 2024

Mdogo wangu Agatha,

Shemeji yako amerudi salama. Asante kwa tangawizi, nyumba nzima inanukia nyumbani. Lakini mmemfanya nini mume wangu? Ameondoka hapa anapiga mluzi, amerudi kimya kama mtu aliyetoka kuungama. Nikamtania, "Mama mkwe wako amekuambia nini? Nimekuwa mvivu?" Akasema, "Amesema nikutunze." "Basi?" "Basi." Akaingia bafuni akakaa mpaka ndoo ikaisha. Alipotoka akanishika mkono, akaushika muda mrefu, mpaka mboga ikaungua.

Nimemwelewa. Ameona nilikotoka, ameona ile nyumba, na kikombe changu cha bati bado kinaning'inia, mapenzi yakamzidi. Wanaume wengine hununua vitu. Huyu wangu hunyamaza. Nilimwambia, "Twende sote wiki ijayo, nimemkumbuka mama." Akasema, "Mama ametaka Krismasi." Mnaogopana na mama mkwe ninyi! Haya, Krismasi.

Mazoezi yako ya nomino. "The doctor has no medicine to give us", daktari hana dawa ya kutupa. Sahihi. "There is nothing to do but wait", hakuna la kufanya ila kungoja. Sahihi kabisa, hii hata mimi ningeikosea. "Mother has a reason to hide", mama ana sababu ya kuficha. Sahihi, ingawa ningependa useme kuficha nini. Lakini Agatha, mbona sentensi zako zina huzuni hivi? Msahihishaji wa mtihani naye ni mtu, anarudi nyumbani jioni. Mwandikie kidogo juu ya maua.

Somo la mwisho ni vielezi vya kuulizia: "how", "when", "where". Navyo hupenda kuegemewa. "I know how to cook", najua kupika. "He knows where to find me", anajua pa kunikuta. "I did not know when to stop", sikujua niache lini. Hiyo ni mimi siku nilipoanza kumsifia Rodgers kwa wanawake wa kwaya. Mmoja, Maua, akaniambia, "Dada, pumua."

Mimi hapa, nimenenepa,
Asteria

*

Myamba, 13 Oktoba 2024

Dada, shikamoo.

Mama anakusalimu. Anasema barua zako ni fupi. Nimemwonyesha ilivyo ndefu, akasema, "Fupi."

Mvua imeanza. Njia ya basi inateleza, Kurwa anasema huenda wakasimamisha safari siku za mbele.

Nimeandika sentensi zote saba. Nimeziandika sahihi, nina hakika. Ya saba iangalie, dada.

Agatha

*

Same, 27 Oktoba 2024

Agatha, Agatha, Agatha!

Umefaulu! Mtihani haujafika lakini mimi nakwambia umefaulu. Sikiliza ulichoandika: "I know what to say but I do not know how to say it." Unajua la kusema ila hujui jinsi ya kulisema. Na hii: "I have a sister to call but no permission to call her." Nina dada wa kumwita, ila sina ruhusa ya kumwita. Nomino mbili, kila moja na kitenzi chake, ndani ya sentensi moja! Nilimsomea Rodgers kwa sauti wakati wa chakula, na maana yake nikampa kwa Kiswahili. Akaacha kula, akatoka nje. Kiingereza kilimpita pembeni, maskini, nadhani aliona wivu kidogo.

Ila nikugombeze jambo moja. Sentensi ya saba, "I am happy to hear you laugh", nafurahi kukusikia ukicheka, ni sahihi na ni nzuri, hatimaye umeandika jambo la furaha. Lakini mwandiko! Herufi zimelala huku na huku kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, nyingine zimetoka nje ya mstari. Ulikuwa unakimbizwa? Kwenye mtihani mwandiko kama huo utakuponza. Nimeizungushia nyekundu, nimeandika pembeni: "Mwandiko mbaya. Rudia." Vema sikuweka.

Usinune. Krismasi inakuja! Nimeshamnunulia mama sweta, ya zambarau, maana najua asubuhi za huko. Rodgers anasema atapanda nayo mkononi asiikunje. Mwambie mama nitakaa naye jikoni nimweleze yale ambayo hayaandikiki.

Nimejaa mpaka pomoni,
Asteria

*

Same, 1 Desemba 2024

Agatha,

Sijui nianzeje. Kila barua nilianza kwa kumwamkia mama.

Nitaandika yote, hata unayoyajua, kwa sababu nikiyaacha kichwani yanazunguka. Mjomba Asheri hakunipigia mimi, alimpigia Rodgers. Rodgers akaja nyumbani kabla ya saa sita, hajavua aproni ya kuchomelea, akasimama mlangoni. Nikamwambia, "Leo umeniwahi!" nikacheka. Hilo ndilo la mwisho nililofanya nikiwa na mama duniani, au nilidhani yumo. Nilicheka.

Basi lilikwama kwenye utelezi, tukapanda kwa miguu, viatu mkononi. Nilikuta nyumba imejaa watu na wewe hupo. Nikauliza, "Agatha yuko wapi?" Wakaniambia, "Yuko kwenye mtihani." Nilidhani nimesikia vibaya. Mama yuko ndani amelazwa, na wewe uko darasani unafanya karatasi ya Kiingereza! Ulipofika, bado una kalamu mkononi, nilikuvaa mbele ya wanawake wote waliokuwa wanachambua mchele. "Miezi yote hii! Kwa nini hukuniambia?"

Ukaniangalia. Ukasema, "Nilikuambia."

Nikakuita mwongo. Mbele ya watu, Agatha. Uliingia chumbani ukatoka na zile karatasi, ukaniwekea mapajani, ukaenda kuchota maji.

Sikuzisoma siku ile. Tulimzika, tukakaa, tukaondoka bila kuagana vizuri. Nilizifungua kwenye basi la kurudi. Nilisoma karatasi ya kwanza, na peni yangu nyekundu, na ile vema kubwa. Mama anaona aibu kubebwa kupelekwa kanisani, na mimi nimeandika pembeni, "Hongera!" Daktari hana dawa ya kutupa: "Sahihi." Nina dada wa kumwita ila sina ruhusa: nimechora nyota. Agatha, nilichora nyota! Nilipiga kelele, Rodgers akamwomba dereva asimame, nikashuka nikatapika kando ya barabara.

Nilikuambia mimi mwenyewe kwamba sentensi za mazoezi si habari za kweli. Weka mama, nilisema, weka ng'ombe.

Na Rodgers alijua. Nilimwuliza njiani, "Ulipoingia ndani Septemba uliona nini?" Akasema, "Nilimwona mama amelala, amebaki mifupa." "Na ukarudi ukanishika mkono!" Akasema, "Aliniapisha. Alisema nikikuambia nitakuwa nimemnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho." Tangu siku hiyo analala karakana. Sikumfukuza. Yeye mwenyewe aliona sijui pa kuyaweka macho yangu.

Sina wa kumuuliza ila wewe. Kwa nini mama hakunitaka? Mtoto gani hatakiwi na mama yake anayekufa? Sweta bado iko kwenye mfuko wa duka.

Asteria

*

Myamba, 9 Desemba 2024

Dada yangu Asteria,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mahali alipokuwa anakaa mama kunisikiliza. Imekuwa mazoea.

Nitakujibu swali lako, kwa sababu sasa hakuna wa kunikataza. Kumbuka mama aliolewa kwanza huko Bombo, kabla ya baba. Sisi tulijua tu kwamba ndoa ile haikudumu. Kisa chenyewe alinisimulia Agosti, tulipotoka hospitali. Alikuwa na miezi miwili kwenye ndoa wakati mama yake alipougua. Wakamwita. Akaja, akamuuguza bibi msimu mzima wa kilimo, bibi akapona. Aliporudi Bombo alikuta sufuria zake zimehamishwa na mwanamke mwingine anapika. Hakugombana. Alichukua mkeka wake akaondoka. Akaniambia, "Nilimpenda yule mtu, Agatha. Na wakati mwingine nilimwangalia mama yangu amepona, nikamchukia. Asteria asije akaniangalia hivyo, hata nikiwa kaburini." Ndiyo maana alizima simu. Haikuingia maji. Alisema ukisikia sauti yake utapanda hata kwa miguu.

Nilimwambia shemeji si mtu wa namna hiyo. Akasema, "Hata yule hakuwa wa namna hiyo."

Kwa hiyo usiseme hakukutaka. Alikutaka kila siku. Sikufundishwa jinsi ya kukueleza furaha aliyopata kwa barua zako. Siku alizokataa uji, nilimwambia, "Kunywa nusu kikombe nikusomee ya kanga." Alikunywa. Shemeji alipokuja, mama alimwomba aigize mwenyewe alivyokimbia na povu. Akaigiza, dada, katikati ya chumba, machozi yanamtoka, anapiga kelele, "Simamisheni magari!" Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Mwanamume aliyefanya hivyo usimwache alale karakana.

Na mimi nina langu la kukuomba radhi. Ningeweza kuchukua simu ya mjomba nikakupigia, mama asijue. Sikufanya. Nilitaka utambue mwenyewe, ili mimi nisiwe nimevunja neno langu. Kila Kurwa aliposhuka na barua, nilikuwa nasimama mlangoni natazama kama kuna mtu nyuma yake.

Kwenye mtihani nilikwenda kwa sababu yeye alisema niende, lolote litakalotokea. Kulikuwa na swali la kukamilisha sentensi, yenye "too". Nikajaza. Sikuweka "not".

Sasa ya mwisho, nayo nimeogopa kuiandika. Sentensi ya saba ya karatasi ya Oktoba haikuwa yangu. Mama aliniuliza, "Kiingereza chenu hicho, mtu akitaka kusema anafurahi kumsikia mtu akicheka, anasemaje?" Nikamwambia. Akasema, "Niandikie kubwa, nami niige. Asteria anapenda Kiingereza, nataka apate neno langu humo." Nilimwegemeza kwenye mto, nikamshikia karatasi juu ya sinia. Kwa neno moja moja, akipumzika katikati, ilichukua asubuhi nzima. Alipomaliza akasema, "Ataujua mkono wangu."

Karatasi iliporudi alinitaka nimsomee umesema nini. Niliona nyekundu. Nikamwambia, "Amesema ni sahihi na ni nzuri." Hilo uliliandika kweli, dada. Mengine sikumsomea.

Mdogo wako,
Agatha

*

Same, 18 Desemba 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba.

Barua yako nilimpelekea Rodgers karakana, nikasimama mbele yake akiisoma. Alipofika pale alipoigiza, akajifunika uso nayo. Nikamwambia, "Njoo nyumbani, chakula kinapoa." Akavua aproni, akanifuata.

Karatasi ya Oktoba nimeitandika mezani. Nimeitazama mpaka nimeujua mkono wake. Ile "h" yake yenye mguu mrefu ni ile ile aliyotuandikia kwenye madaftari ya darasa la kwanza, nami nimepita juu yake na peni nyekundu kama mgeni. Rudia, nimemwambia mama. Nimejaribu kufuta kwa wembe, karatasi ikaanza kutoboka, nikaacha. Ibaki ilivyo. Chini yake nimeweka vema, ndogo, kwa penseli, nayo imechelewa.

Tunapanda Jumamosi kama tulivyopanga. Sweta ya zambarau nakuletea wewe, uivae asubuhi ukienda kuchota maji. Usinipikie chochote cha mgeni. Nataka tukae jikoni, wewe uniandikie sentensi nyingine saba, za kweli tupu, nami nizisome bila peni.

Jana Rodgers alijaribu kupika makande ili nipumzike. Akasahau maji. Moshi ukajaa, mama Zaituni akaja mbio na ndoo, akamkuta amesimama juu ya kiti anapepea dari kwa ile kanga. Akamwambia, "Baba, moto uko chini!" Nilicheka, Agatha. Ilinitoka kabla sijaizuia, kwa sauti kubwa, ya kwanza tangu siku ile ya mlangoni. Halafu nikaziba mdomo, nikaona nimemkosea mama.

Nikaenda mezani nikaisoma sentensi ya saba, nikauondoa mkono mdomoni.

Dada yako,
Asteria